Nafasi Alizozijaza Selwa

Selwa Mathluthi aliona aibu kumwekea mgeni sahani tupu, na aibu hiyohiyo alikwenda nayo kazini. Miaka kumi na tisa alitunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali ndogo ya kifua mjini Kairuan, na Mungu ni shahidi, hakupoteza jalada hata moja.

Kisha hospitali yao na nyingine tatu, za Tunis, Bizerte na Gafsa, zikaungana kuifundisha kompyuta kutambua uvimbe wa mapafu. Karatasi za wagonjwa hazikutoka mjini kwao. Kila hospitali ilifundishia palepale, na kilichosafiri kwenda kwa wengine ni yale tu kompyuta iliyojifunza. Kila mgonjwa alitakiwa awe na picha ya kifua, majibu ya damu na maelezo ya daktari.

"Kisichokuwepo kiache wazi," Daktari Anwar alimwambia. "Imezoeshwa kufanya kazi na mapengo."

Lakini mashine ya kupimia damu ililala mbovu majira yote ya baridi. Selwa akizitazama zile nafasi tupu, aliwaona watu wa Tunis wakiwacheka. Basi palipokosekana majibu ya damu akaandika "kawaida". Nani angejua, na karatasi hazitoki?

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa jirani yake Lazhar, muuza makrudh, vile vitobosha vya tende. Kompyuta ikaona kivuli kidogo kwenye picha yake, ikaona damu nzima, ikasema hakuna haraka. Lazhar akapewa miadi ya baada ya miezi minane. Aliporudi, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Selwa alikiri kwa daktari, akazifuta "kawaida" zake zote, moja moja. Halafu akaenda dukani kwa Lazhar.

"Kaka Lazhar, damu yako haikupimwa. Ni mimi niliyeandika kuwa ni nzima, na kompyuta ikajifunza hivyo."

"Wewe? Wewe uliyenirudishia makrudh moja niliyokuzidishia?" Alicheka, kikohozi kikamkatisha.

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, dada. Kaa ule, usinitie mkosi dukani." Akamsogezea sahani. "Na hayo kompyuta iliyojifunza kwako, yalibaki hapahapa?"

"Yalifika Bizerte. Na Gafsa."

"Huko nako wapo akina Lazhar?"

Tangu siku hiyo, kila Selwa akimaliza kuswali humwombea Lazhar kwa jina lake. Kisha huwaombea wale wengine asiowajua, na mahali pa majina yao hupaacha wazi.