Namba ya Baba

Kwenye fomu ya kuomba chuo kulikuwa na kisanduku cha namba ya simu, nami nikaandika ya baba. Simu yangu nilikuwa nayo mkononi. Lakini baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu pale kwenye duka la intaneti, mjini Tabora, kofia kwapani, akasema, "Weka yangu. Habari ya mtoto kuchaguliwa inamfikia mzazi kwanza, ndiyo heshima." Nikacheka, nikaiweka. Jamani, nilivyocheka siku ile!

Niliomba vyuo viwili, na kote niliomba sheria tu. Sababu ilikuwa shamba letu la Ntalikwa. Baba hajui kusoma. Aliwahi kuwekewa karatasi mbele yake, akaambiwa ni ya kupima mipaka, akagandamiza dole gumba. Kumbe hivyo ndivyo alivyoliuza shamba bila kujua. Tangu hapo, kila akiniona na daftari, alinitania: "Wakili wangu, soma, usije ukaweka dole kama mzee wako." Sisi wote tulicheka, ila mama.

Msimu wa kurina asali ulipofika, baba akaondoka na wenzake kwenda kambini, ndani kabisa ya misitu ya upande wa Kaliua. Warina asali wa kwetu hawaulizwi siku ya kurudi. Mama alimfungia unga, yeye akaifunga simu yake kwenye mfuko wa nailoni, wakaagana.

Majina yakatoka akiwa huko. Nilikimbilia lile duka la intaneti, nikaona vyuo vyote viwili vimenichagua. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka akaniomba nitoke nje nikazimalizie huko. Lakini aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe anakokwenda, na kuthibitisha kunataka tarakimu za siri zinazotumwa kwenye namba aliyoombea. Siku za kuthibitisha zilikuwa chache, na asiyethibitisha hupoteza nafasi zote. Tarakimu zangu zilikuwa zimetumwa kwa baba.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga asubuhi, mchana na jioni, hadi nikaanza kumtukana yule dada wa mtandao anayesema nijaribu tena baadaye. Nikaenda kwa wakala nikaomba line ile waitoe upya. Akasema imesajiliwa kwa alama za vidole vya baba, bila kidole chake haiwezekani. Nikapiga chuoni, wakanijibu namba ni ile niliyojaza mwenyewe. Nikapanda treni hadi Kaliua. Wanunuzi wa asali pale stesheni wakanionyesha msitu kwa mkono, msitu wote, wakasema, "Binti, huko ni mwendo wa siku kadhaa, na kambi yenyewe huijui. Rudi ukamsubiri." Nililia pale pale kwenye benchi, watu wakinitazama. Dirisha la kuthibitisha lilifungwa nikiwa nyumbani, nimelala kifudifudi.

Baba alirudi siku nne baadaye. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa ameiwasha simu alipofika Kaliua, akasomewa ujumbe wa kwanza, hakungoja wa pili. Toka aliposhuka treni Tabora hadi nyumbani kila aliyempa shikamoo aliambiwa kwamba binti yake anakuwa mwanasheria. Majirani wakaingia naye uani kwa vigelegele. Akaitua ndoo ya asali, akaufungua ule mfuko wa nailoni, akanikabidhi simu kwa mikono miwili.

"Nimekutunzia," akasema. "Kule hakuna umeme. Niliizima siku ile ile niliyoingia msituni, chaji isije ikaisha, ujumbe wako ukakosa pa kufikia."

Majirani walipoondoka, nikamsomea ujumbe wote, hadi ule wa mwisho uliosema muda umekwisha. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo ni mimi?"

Mimi nina hasira za karibu. "Ndiyo, ni wewe!" nikamjibu. "Wewe na hiyo heshima yako!"

Mama akashika mdomo. Baba aliivaa kofia yake. Akaenda kukaa karibu na ile ndoo. Namba niliijaza kwa mkono wangu, na hata angeiacha simu inawaka, kule mtandao haufiki. Yote hayo niliyajua wakati namfokea. Naumia hadi leo.

Mwaka uliofuata niliomba kwa namba yangu, sheria nikaikosa, nikapangiwa ualimu. Sasa nafundisha Choma, huku Igunga, na wanafunzi wangu nawapenda. Baba hakwenda tena msituni. Mizinga yake aliwagawia wenzake. Neno wakili sijalisikia tena kinywani mwake.

Nikimpigia, simu haiiti mara mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Halafu, kabla sijamuuliza hali, husema, "Nipo. Imewashwa."