Binti wa Cherehani ya Dirishani

Yule binti wa cherehani ya dirishani hushona kwa masikio. Akisikia cherehani ya jirani yake inanguruma, basi na yake ataikanyaga kama anayekimbizwa na mbwa. Chai lazima amalize wa kwanza, hata imbabue ulimi, kisha akipindue kikombe ili watu waone. Na ukimsifu mwenzake mbele yake, shingo itamkakamaa siku nzima, utadhani amelalia tofali. Sasa mwenye duka lao la ushonaji akasema kila mmoja ashone blauzi moja, na itakayompendeza, aliyeishona ndiye atapewa gauni la bibi harusi alishone. Gauni hilo binti alilitaka kufa kupona. Akaikanyaga cherehani mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka, mkono uko kwenye kitambaa, jicho liko kwa jirani, ambaye wala hana habari, anapiga pasi kola yake taratibu.

"Nimemaliza, mama! Wa kwanza mimi!"

Mwenye duka akaikung'uta ile blauzi, akaiinua wote waione. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Wa kwanza kweli, mwanangu. Haya, nenda sasa ukamtafute na wa kuivaa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Jirani peke yake hakucheka, akamsogezea wembe wa kufumulia. Binti akaupokea bila asante, akainama, akaanza kufumua mbio mbio. Punde akainua kichwa, akachungulia huku na huku kama kuna mwingine anayefumua. Alipoona hayupo, shingo ikamlegea.