Sisi Sote Tu Wazima

Baba yangu alikuwa mlinzi wa mnara wa taa uliojengwa juu ya mwamba baharini, mbali na ufuo, mahali ambapo Mama hakupata kufika hata siku moja. Kwetu ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Emali, na bahari tuliijua kwa jina tu: ukanga, kwa Kikamba. Mama alilitamka jina hilo kama anayemtaja mke mwenza.

Barua za Baba zilikuja kwa treni, na zilijaa habari za mnara kuliko habari zake. Kwamba mawe yake yalivushwa kwa mashua enzi za mkoloni, baada ya meli kadhaa kupasukia mwambani pale. Kwamba taa ya kwanza ilikuwa ya tambi, kisha ikaja ya pampu. Kwamba tangu iwashwe haijazimika hata usiku mmoja, na haitazimika katika zamu yake. Mimi ndiye niliyemsomea Mama na wadogo zangu.

"Muulize kama hiyo taa inampikia pia," Mama alisema, tukacheka.

Kujibu pia ilikuwa kazi yangu. Baba alitaka barua za Kiswahili ili amsomee mwenzake wa zamu, mtu wa pwani, maana kule mwambani walikuwa wawili tu. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba barua ina mlango wake: "Sisi sote tu wazima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Niliusahau mara moja, nikachapwa. Sikuusahau tena.

Mwaka ule wa kiangazi Mama akaanza kukohoa, akawa anapumzika mara tatu njiani kutoka mtoni.

"Andika kifua inaniuma," aliniambia. "Andika akuje."

Nikaandika mlango kwanza. Nikaandika habari za mbuzi, za mvua iliyokataa, za kwaya ya kanisani. Chini kabisa, karatasi ikiwa imekwisha, nikabana maneno: Mama anaumwa kifua, anasema uje. Niliutazama mwandiko wangu nikajivunia, mjinga mimi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Baba alifurahi kusikia kwamba sote tu wazima. Kifua ni vumbi tu, kitapoa. Mwenzake amekwenda likizo, na aliyeletwa badala yake ni mgeni wa kazi, hawezi kuachiwa taa peke yake. Nikaandika tena, na nikaanza vilevile.

Baba alifika siku nne baada ya mazishi. Alikaa kwenye kigoda cha Mama, akatoa barua zangu zote mfukoni, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Wewe uliandika muko wazima." Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

"Barua huanzwa hivyo, Baba. Mwalimu ndiye alitufundisha."

"Mimi nilikuwa naisoma kama habari," alisema.

Alirudi kazini, kwa kuwa karo ilihitajika. Baada ya miaka miwili mnara ukawekewa taa ya gesi, inayojiwasha yenyewe jua likitua na kujizima kukipambazuka, bila mtu. Walinzi wakaambiwa warudi makwao. Niliichukia taa ile kuliko nilivyopata kumchukia binadamu yeyote. Kumbe ingeweza kukaa peke yake!

Baba aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, akilima mbaazi na kuongea kidogo. Habari za mnara hakuzisimulia tena. Mimi nilijilaumu, bado najilaumu, ingawa yeye hakunilaumu tena kwa mdomo. Lakini Jumapili tukitoka kanisani, jirani akitusalimu njiani, "Muko wazima?", sisi tulijibu haraka kama watu wote. Baba hakujibu mara moja. Aligeuka kwanza, akatutazama usoni mmoja mmoja, na alipofika kwangu alikawia.