Mbuzi Niliyekataa Kumkamua

Kuna mtoto mmoja hapa Garissa, wakati ule hata miezi kumi hajatimiza, aliyekaa siku tatu bila maziwa yake kwa sababu yangu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure huko mbele. Mie ni mwalimu wa falsafa ya maadili. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwafundisha watu jema ni lipi na baya ni lipi, na kuwaeleza kwa nini. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na wala hawakunijua.

Nilikuja hapa kutoka pwani, mke wangu akiwa hai, tukapanga kukaa miaka miwili tu. Yeye sasa kalala kwao, nami nimebaki. Watoto wana nyumba zao. Hunipigia simu kila Jumapili, wakauliza kama nimekula. Wenzangu wa kazini, wale wa kutoka bara, huteremka kwenye basi Jumatatu, na Alhamisi mchana wameshapanda la kurudi. Wenyeji nao wana watu wao. Si wabaya, hasha! Wakinikuta njiani hunipungia mkono: "Brofesa, nabad?" Nami najibu nabad, yaani amani, na mazungumzo yetu yamekwisha hapo mpaka kesho.

Darasa langu lina wanafunzi sita, na watatu kati yao walilichagua kwa sababu halina kipindi cha asubuhi. Nyumbani nina vyumba viwili, baraza, na ua wa mathenge wenye miiba ya kutosha kumzuia hata mwizi. Ninaandika kitabu kuhusu wajibu wa mtu kwa mtu asiyemjua. Kitabu hicho kingekuwa binadamu, kingeshaoa.

Basi, Jumatano moja jioni akaingia mbuzi. Hilo si ajabu katika mji huu. Mbuzi hapa hushinda wakizurura, wanakula maganda ya mathenge na makaratasi ya dukani, na magharibi ikikaribia kila mmoja huishika njia ya kwao bila kuchungwa. Huyu hakwenda. Alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja jeupe, shingoni kafungwa utepe wa kitambaa, na kiwele chake kimejaa. Nilimtilia maji kwenye sufuria, akanywa yote, akajilaza barazani kana kwamba ndiye mwenye nyumba.

Asubuhi ya Alhamisi nikamwona anatembea miguu kaitanua, kiwele kimemlemea. Kukamua najua. Bibi yangu alifuga mbuzi, na utotoni ilikuwa kazi yangu kila alfajiri. Nilikwenda hata kuichukua sufuria, nikachuchumaa. Halafu nikaanza mambo yangu. Mbuzi wa nani huyu? Maziwa ya nani? Nani kakuruhusu? Zamani niliwahi kuandika makala ndefu kueleza kwamba kutumia mali ya mtu bila ridhaa yake ni kumfanya mwenyewe kana kwamba hayupo. Nikainuka, nikairudisha sufuria jikoni. Lo, nilijiona mwema! Nilikwenda kazini kifua mbele.

La pili ndilo baya zaidi: sikumwambia mtu. Si jirani, si mwenye duka, si mlinzi wa langoni kazini. Nilijiambia kwamba mwenye mali hutafuta mali yake, na atakuja. Ukweli nilikuwa naujua palepale. Nilikuwa sitaki aje.

Jioni ile nilimsomea mbuzi sura ya nne. Nimcheke nani? Niliketi mlangoni na karatasi zangu, naye kalala kizingitini, anacheua na kunitazama. Tangu mke wangu aondoke sikuwahi kupata msikilizaji asiyeangalia simu. Nikafika mahali pa mzaha mdogo nilioutia mwenyewe kwenye sura ile, nikacheka, na sauti yangu ikanishtua. Nyumba za upande wa mtoni kulikuwa na mtoto analia, kilio kile kikavu cha mtoto aliyekwisha choka kulia. Nikanung'unika, hawa watu hawabembelezi watoto wao? Nikamwingiza mbuzi ndani, nikafunga mlango, nikaendelea na sura ya nne.

Ijumaa nilikwenda msikitini. Hapa baada ya sala watu husimama kidogo nje ya mlango, wakivaa viatu, wakipeana habari: nani kafariki, nani kajifungua, mnyama wa nani kapotea. Mimi kwa kawaida huvaa makubadhi yangu nikajiendea. Siku ile mwanamume mmoja mwembamba, mwenye ndevu za hina, alipaza sauti akasema maneno ya Kisomali. Nimekaa Garissa miaka kumi na miwili. Lugha yao siisemi vizuri, lakini siyo kwamba siisikii. Nilisikia mbuzi. Nilisikia sikio, na nilisikia nyeupe. Nikainama nikavaa makubadhi, na njia nzima nikajisemesha: huenda hukuelewa, bwana, wewe Kisomali chako ni cha sokoni.

Wanafunzi wangu huwa wananiuliza inawezekanaje mtu ajidanganye mwenyewe, maana mdanganyifu na mdanganywa ni mmoja. Huwa nawajibu kwa saa nzima na ubao mzima. Kumbe ni mwendo wa dakika kumi kutoka msikitini hadi nyumbani.

Jumamosi mbuzi hakuinuka. Majani niliyomletea hakuyagusa, na nilipomgusa kiwele akanirushia teke. Kilikuwa kigumu, kina moto. Nikaingiwa na hofu, lakini hofu yangu ilijua kutembea chumbani tu, haikujua kutoka nje ya ua.

Alasiri akabisha hodi mwanamke wa makamo, mrefu, buibui limejaa vumbi mpaka magotini. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama mchanga wa langoni.

"Nyayo zake imeingia hapa," akasema. "Haijatoka."

Nikampisha. Alipomwona mbuzi wake alimwita kwa sauti ya chini, na yule aliyekataa kuinuka tangu asubuhi akajikokota kwa magoti kumwendea. Yule mama akapitisha mkono chini ya tumbo. Kisha akauliza, "Maziwa ulikuwa unampa nani?"

"Sikumkamua, mama. Si wangu."

"Najua si yako. Ni yangu." Akageuka sasa, akanikodolea macho. "Baadi, mnyama imepotea, ukipata, unaweka. Unakamua, unakunywa, na unaita watu waje kuona. Maziwa ni haki ya anayelinda. Mtoto mdogo anajua hii. Nani alikukataza kukamua?"

Ningemjibu nini? Kwamba nilijikataza mwenyewe, na kwamba niliandika makala? Alipiga magoti akaanza kukamua. Upande wa kulia yalitoka maziwa mazito. Upande wa kushoto yakatoka maji ya manjano yenye madonge, kisha damu. Mbuzi alilia kama mtu, wallahi, nami nikageuza uso.

Akiwa bado anakamua, bila kuinua kichwa, akanieleza. Walikuja kutoka Hulugho wiki mbili nyuma, na pikapu, kumleta binti yake hospitalini. Binti kalazwa, hawezi kunyonyesha. Mtoto wake anakataa maziwa ya kopo, na akilazimishwa anaharisha. Anakunywa ya mbuzi huyu tu, ndiyo maana wakampakia naye. Mbuzi hakuujua mji, ndiyo maana jioni hakurudi. Mtoto alikuwa amelia siku tatu, na asubuhi ile na yeye alikuwa amepelekwa hospitalini.

"Wewe ni mwalimu ya nini?" akauliza.

"Ya mema na mabaya."

Hakucheka. Heri angecheka.

"Shemeji yangu aliuliza msikitini jana," akasema. "Wewe hukuwako?"

"Nilikuwako."

"Hukusikia?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kazi yangu yote. Nikasema, "Kisomali sijui, mama."

"Haye," akasema, na uso wake ukalegea. "Basi si kosa yako. Pole." Pole! Akanipa pole mimi. Akamwinua mbuzi wake, wakaondoka taratibu, naye kamshika utepe wa shingoni.

Siku kumi hivi baadaye akarudi, ameshika kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisahani. Mtoto katoka hospitalini, akasema, na anakunywa, alhamdulillahi. Kiwele upande mmoja kimekufa, upande mmoja kinatoa. Akanyosha kikombe. "Hii ni yako. Ulilinda siku tatu."

Nilikitazama kile kikombe. Maziwa yalikuwa nusu tu, na mtoto mwenyewe sasa anapata nusu. Nikasema, "Mama, nilisikia."

"Nini?"

"Msikitini. Nilisikia mbuzi, nikasikia sikio jeupe. Nilijua ni huyu. Nilinyamaza, kisha nikakudanganya."

Akasimama pale na mkono wake bado umenyoshwa. "Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, maana ndiyo kazi yangu. Likatoka moja. "Nilikuwa peke yangu. Alikuwa ananisikiliza."

Nilidhani atanimwagia maziwa usoni, na ningeona sawa. Badala yake akakiweka kikombe juu ya baraza, polepole, kisimwagike.

"Mimi nakaa nyumba ya nne kutoka hapa," akasema. "Mchana yote niko peke yangu na mtoto. Si ungesema tu? Ningeleta chai." Akageuka, akaenda zake.

Mtu mwenye akili angemfuata palepale. Au angekwenda kesho yake na kilo ya sukari na majani ya chai, akaomba radhi mara ya pili, akakaa. Mimi nilianza kufikiri. Je, nikienda nitakuwa naenda kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Je, kumtembelea mtu uliyemdhulumu si kumtwisha mzigo wa kukusamehe? Niliyapima hayo siku tisa, kwa uangalifu mkubwa, hata nikayaandikia kurasa mbili. Siku ya kumi nikaosha kikombe, nikanunua sukari, nikaenda. Mlango wa nyumba ya nne ulikuwa na kufuli. Mwenye duka akaniambia binti kapona, wameshaondoka juzi alfajiri kurudi Hulugho, mtoto, mbuzi na wote.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, sikukimbilia makubadhi yangu. Nilisimama pale nje ya mlango, nikapaza sauti, nikatangaza kwa Kisomali changu cha kubabaisha kwamba ninacho kikombe cha bati, kina ua jekundu na mpini umechubuka, cha mama mmoja wa Hulugho mwenye mbuzi wa sikio jeupe. Watu waligeuka. Vijana wakacheka, brofesa mzima anatangaza kikombe. Yule mwenye ndevu za hina hakuwapo.

Bado natangaza kila Ijumaa. Mchana nachemsha chai, nainywea kwenye kikombe kile, kwa kuwa anayelinda ana haki hiyo, na lango la ua naliacha wazi.