Mama, Kaa Nipime

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Cheka Kidogo, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake, hata aliyekuja kupiga picha ya paspoti, ambamo kucheka hakuruhusiwi. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake: pazia jeupe ukutani, stuli moja, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Jua liliingia humo kama mgeni mwenye haraka.

Mwenzake kazini alikuwa mama yake, na kazi ya mama ilikuwa kukaa. Kabla mteja hajaingia, Cheka alisema, "Mama, kaa nipime," na mama aliacha alichokuwa akifanya, akajifuta mikono, akakaa kwenye stuli. Cheka alipiga mbili tatu, akatazama kama uso umeingia kiza au umeungua kwa mwanga, akasogeza pazia, akapiga tena. Mteja akiingia, mama anainuka na picha zake zinafutwa. Kadi ya kamera ilikuwa ndogo na siku zote imejaa sherehe za watu. Wapiga picha wengi hufanya hivyo. Kwao picha ya kupimia si picha. Sijui nani aliwafundisha, ila ningekutana naye ningemtolea maneno yangu.

Msimu mmoja wa mvua, lenzi iliyokuja na kamera iliota ukungu kwa ndani. Kila bibi harusi akawa anatoka kama amepigwa nyuma ya chandarua. Akiba ya Cheka ilitosha lenzi moja tu, tena ya mtumba, na hiyo moja ilibidi iweze yote: paspoti asubuhi, watoto wachanga mchana, kumbi zenye giza Jumamosi. Akamchukua mama yake, wakaenda kwa fundi kamera, mtu mpole mwenye kabati la vioo, naye akawawekea mbili mezani. Moja ilikuwa ndefu, inavuta mpaka unamwona aliyekaa safu ya mwisho. Nyingine ilikuwa fupi na nyepesi, haivuti hata kidogo, lakini kioo chake kilikuwa kipana na kiliona hata penye kiza. Hii fupi ndiyo iliyokuwa rahisi, na hapo Cheka akaingiwa na hofu, maana rahisi huwa ghali.

"Zijaribu," alisema fundi. "Kujaribu ni bure."

"Mama, kaa nipime."

Mama akakaa kwenye benchi. Cheka akapiga kwa ile ndefu karibu na mlango, ikatoka vizuri. Akamsogeza mama ndani, kwenye kabati, picha ikatikisika na uso ukapotea. Akabadilisha lenzi. Akapiga kwa ile fupi palepale penye kiza, akaikuza picha hadi akaziona kope za mama yake moja moja, na mkunjo mdogo kando ya mdomo.

"Ila hii haivuti, mama. Mtu akiwa mbali nitafanyaje?"

"Si una miguu? Msogelee."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Mama naye akacheka, amefurahi kumchekesha mtu kwenye duka lake, na Cheka, ambaye alikuwa bado anajaribu, akabonyeza. Mwenyewe anasema hajawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Mama aliinama kuitazama.

"Hii nzuri. Niwekee."

"Hii ya kupimia tu, mama. Kitambaa kimekaa upande. Nitakupiga ya maana, ukiwa umevaa vizuri."

"Haya. Kinyozi hajinyoi, lakini nilidhani mama yake hunyolewa."

Wakacheka wote watatu. Cheka akalipia ile fupi, na fundi alipokuwa anaifunga kwenye karatasi, yeye akawa anafuta picha.

Lenzi ile haikumwangusha. Watoto wachanga walitoka na vinyweleo vya masikio, kumbi zikaacha kumtisha, na kwa wale waliokaa mbali alitumia miguu. Wateja wakaongezeka, na mama akazidi kukaa kwenye stuli, akazidi kufutwa. Aliulizia picha yake mara moja nyingine, akaambiwa wiki ijayo. Hakuulizia tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haichagui tumbo la nani.

Jumanne moja mama alianguka jikoni. Kiharusi. Hakuamka.

Mjomba ndiye aliyeuliza picha ya kuweka mbele ya jeneza. Aliuliza bila wasiwasi wowote, maana nani angekuwa na picha za marehemu kumshinda mpiga picha aliyeishi naye? Cheka akajifungia studio, akafungua kompyuta. Akakuta harusi, mahafali, meno ya kwanza ya watoto wa watu. Mama alikuwepo humo kwa vipande: kiwiko, nusu ya bega, mkono ulioshika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Uso hakuna.

Akakimbia na kadi kwa fundi kamera. Fundi aliihangaikia mchana kutwa, kisha akavua miwani.

"Kilichofutwa huweza kurudi, dada, kama hujapiga kingine juu yake. Hapa juu yake umepiga mara nyingi mno."

Yaani juu ya uso wa mama yake zilikuwa zimelala harusi za watu ambao hata majina yao ameyasahau. Cheka alilia mle dukani kwa sauti, bila aibu, na fundi akafunga mlango ili wateja wasiingie.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mzee Flashi anamsubiri uani. Huyu ni mpiga picha wa sokoni, mwenye kamera ndogo ya dijitali ya zamani, na kwa miaka yote Cheka alikuwa akiicheka kazi yake: macho mekundu, vipaji vya nyuso vimekatwa. Mzee alimpa bahasha. Ndani mlikuwa na picha iliyoinama upande, na kivuli cheusi ukutani. Mama alikuwa amevaa gauni lake la bluu na kitambaa kipya, anatazama mbele.

"Alikuja mwenyewe," alisema Mzee Flashi. "Akaniomba nisikwambie. Alisema una kazi nyingi, asikusumbue. Na alijua kukaa, mwanangu! Kidevu alishusha bila kuambiwa."

Cheka aliishika ile picha kwa mikono yote miwili.

"Zingine ziko wapi, mzee? Ulipiga ngapi?"

"Hiyo hiyo moja. Nilitaka nipime kwanza, akakataa. Aliniambia, 'Piga moja tu, ndugu yangu, ila hiyo usiifute.'"