Picha ya Mguu Iliyokatikia Njiani

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, kitambaa cha vumbi na onyo. Chef de base, yaani mkuu wa ofisi yetu ya Butembo, aliinua shuka lililofunika kompyuta, akaniambia: "Mama Masika, hii masini haipendi vumbi, haipendi kahawa, na haipendi batu ya kugusa-gusa." Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kugusa-gusa tangu utoto. Alicheka, ingawa nadhani alijuta kidogo kuniajiri.

Ilikuwa miaka ya vita. Shirika letu lilisaidia mahospitali, na barabara zilifungwa na kufunguliwa kama wenye bunduki walivyotaka. Ninyi vijana mnabonyeza kitufe na picha imeshafika kwa shangazi yenu Ulaya. Sisi hatukuwa na simu wala waya. Kompyuta iliunganishwa na modem, kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa milio. Modem iliunganishwa na phonie, ile redio ya masafa marefu, na antena juu ya bati ikairusha milio hadi kituo cha Kampala, ambako mashine nyingine iliigeuza tena kuwa maandishi. Barua fupi ilipita vizuri. Faili kubwa lilianza vizuri, likafika katikati, likakatika. Likikatika, unaanza upya.

Wenzangu walikuwa wamezoea. "Faili ikiwa nene, haipite," walisema, na mjadala ukaishia hapo. Jibu hilo liliniudhi, kwa sababu Jumapili moja niliingia ofisini saa ya misa, nikatuma ripoti nene kuliko zote, nayo ikapita bila shida. Basi Jumapili asubuhi kuna nini? Au ni kitu gani ambacho hakipo? Nililibeba swali hilo hadi sokoni, hadi jikoni, mpaka mume wangu akaniomba niliache mlangoni pamoja na viatu.

Lingebaki mchezo wangu tu kama Kahindo hangevunjika mguu. Alikuwa mshonaji, mjane, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio uliolisha nyumba. Alianguka akikimbia risasi kule Mabalako, na hadi anafikishwa Butembo jeraha lilikuwa limeharibika. Daktari wa hospitali alikuja kwetu na radiografia mkononi, ile picha ya mifupa.

"Mimi ninaona kukata," alisema. "Mais Kampala kuko munganga wa mifupa. Akiona hii picha, pengine atanionyesha njia ya kuokoa muguu. Kesho kutwa asubuhi ninaingia naye mu salle d'opération, jibu ikuwe ao isikuwe."

Njia ya mpakani ilikuwa imefungwa, hivyo picha isingeweza kwenda kwa gari. Tuliibandika radiografia dirishani, tukaipiga kwa kamera ndogo ya ofisi. Niliipunguza na kuipunguza, mpaka daktari akalalamika kwamba nikiendelea mfupa utatoweka. Nikaituma. Ikakatika. Nikaituma tena. Ikakatika karibu palepale.

Nilianza na umeme. Nikazima groupe, jenereta yetu, nikatumia batri ya gari, ikakatika. Nikapanda mwenyewe juu ya bati, chef akishika ngazi huku akilalamika, nikasugua kutu kwenye kiungio cha antena, ikakatika. Ndipo nikakumbuka Jumapili. Jirani yetu alikuwa na moulin ya kusaga muhogo, nayo Jumapili hupumzika! Nikaenda mbio kumwomba aizime. Wanawake waliopanga foleni walinisema sana, lakini waliposikia ni kwa ajili ya mguu wa mgonjwa, waligeuza mabeseni yao matupu ya kupokelea unga wakakaa juu yake kungoja. Picha ikakatika tena.

Siku ya pili mchana daktari alituma mtu kuuliza. Nilikuwa na hofu, na mawazo yaliniishia. Nilipokuwa nikiitazama phonie nikaona kitu tulichokipita kila siku: kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa hadi kimya kabisa. Chef hakuweza kuvumilia milio ya modem, alisema inamwuma meno. Kwa hiyo tulikuwa tukituma mafaili bila mtu hata mmoja kusikiliza njia yenyewe. Nikafungulia sauti, nikaituma picha upya. Kati ya mlio na mlio kulikuwa na pumzi ndogo, modem ikingoja Kampala iitikie. Baada ya muda, katika pumzi mojawapo, ikaingia sauti ya mwanamume.

"Station yenye iko nalia, huku ni Bungulu, Beni. Tuko nakusikia. Uko muzima? À vous."

Picha ikakatika. Chef, aliyesimama mlangoni akishika shavu, akafoka: "Uyu naye ni nani, anavuruga kazi ya batu?"

Nikachukua mikrofoni, maana "à vous" kwenye phonie ni "zamu yako kusema". "Bungulu, huku ni Butembo. Ni mimi nilikuwa nalia. À vous."

"Aksanti kwa Mungu! Mama, ni myezi mingi naita ile sauti, haijibu. Nilikuwa nasema pengine ni mutu, batri yake iko nakufa."

Jina lake lilikuwa Paluku, phonisti, yaani mwendesha phonie, wa wachuuzi wanaopokea samaki wa Kyavinyonge. Chaneli yetu ilikuwa yao zamani, na yeye hakuacha kuisikiliza. Alikaa uani, akisikia milio aliinuka, akaingia ndani, akasalimia. Kumbe barua fupi zilimaliza kupita kabla hajaifikia mikrofoni, na Jumapili alikuwa misani! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kwetu mtu akiita anaitikiwa, na miaka ile mwito dhaifu ungeweza kuwa kijiji kizima kinachokimbia.

"Baba Paluku," nikasema, "ile sauti ni masini. Iko natuma picha ya muguu ya mama moya, kesho banaweza kuikata. Ukisalimia, picha inakatika."

"Sasa nikuwe nasikia mutu nalia, nanyamaza?"

"Ndiyo, baba."

"Iyo iko nguvu, mama. Mais tuma. Ninakaa juu ya mikono yangu."

Picha ikapita yote. Jioni jibu likaja: mguu usikatwe, mfupa usafishwe hivi, vyuma viwekwe hapa. Daktari aliusoma mara kadhaa ujumbe ule akiwa amesimama, kisha akaondoka bila kuaga. Mguu ukabaki, ingawa ulifupika kidogo.

Baadaye nilihamishiwa Beni. Huko mkuu wangu, Madame l'administrateur, aliona nimebandika ukutani kwamba kabla ya kutuma faili lazima kusalimia chaneli kwa sauti, na kusalimia tena baada ya kumaliza. "Salamu ni technique?" aliuliza. Nikamwambia ajaribu kutuma bila hiyo. Alijaribu, salamu ya Paluku ikalikata faili lake, akarudi akicheka.

Sasa nimestaafu. Wajukuu huniletea kompyuta wakisema réseau, yaani mtandao, ni mbaya, nami bado nafurahi kuuliza: inakatika wapi, saa ngapi, nani mwingine yuko njiani? Wao huzima na kuwasha.

Gauni la sherehe yangu ya kustaafu alinishonea Kahindo, kwa cherehani ileile, kipande cha ubao kikiwa kimefungwa juu ya kikanyagio upande wa kulia. Alikuja nalo mwenyewe. Paluku pia alikuja kutoka Bungulu, mzee tayari, na samaki mikononi. Alimtazama Kahindo akitembea uani, akaninong'oneza, "Njo uyu?"

"Njo uyu," nikamwitikia, ndiye huyu.

Aliniachia samaki wote, akamwendea, akainama mbele ya ule mguu wa kulia. "Siku ile balinikataza kusalimia," alisema. "Uko muzima? À vous."

Kahindo alianza kucheka, machozi yakamtangulia. "Niko muzima, baba," akaitikia. "Niko muzima."