Nyumba Isiyopika

Mdogo wangu aliporudi kutoka vita vya Kagera bila mguu wa kulia, kijiji chetu cha ujamaa, huku Handeni, kilimpokea vizuri mno. Nasema vizuri mno, na ninajua ninachosema. Lori la jeshi lilimshusha pale ofisi ya kijiji, akateremka na magongo yake mawili, na vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia tena hata kwenye harusi. Mimi dada yake nilipiga mpaka sauti ikanikauka.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Akasema kijana wetu ametoa mguu kwa ajili yetu, basi nyumba yake isipungukiwe na kitu. Hakuna aliyepinga. Na msidhani tulikuwa na cha kumwaga! Mwaka ule sabuni ilikuwa ya foleni, sukari tuliisikia tu, na mahindi yalikuwa yamenyauka shambani. Lakini mabalozi wa nyumba kumi walipanga zamu, na kila siku sinia lilikuwa linaingia kwa mdogo wangu: leo ugali na mlenda, kesho muhogo na kunde, keshokutwa kuku kutoka kwa mtu ambaye watoto wake mwenyewe wanakula majani ya mchunga matupu. Wanawake walimtekea mkewe maji. Vijana walimlimia shamba lake kabla hawajagusa ya kwao. Watu wale walikuwa na roho nzuri, jamani, mtu asije akaniambia vingine.

Sasa, kwetu ukiona chakula kilichopikwa kinapelekwa kwenye nyumba ya mtu siku baada ya siku, nyumba hiyo ina msiba. Ndivyo tulivyolelewa. Wafiwa hawawashi jiko, majirani ndio wanaopika mpaka matanga yaanuliwe. Sisi msaada tuliouzoea ulikuwa huo wa msiba, basi ndio tuliompelekea. Tatizo ni kwamba matanga ya nyumba ile hayakuanuliwa.

Mwenyewe aliliona mapema. Alikuwa mtu wa masihara tangu utoto. Mama wa watu akiingia na sinia, yeye anamuuliza, "Mama, hitima yangu mnaisoma lini? Nataka na mimi nihudhurie." Basi tunacheka! Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikasema afadhali vita havikumwondolea mdomo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mzaha ule ule unarudiwa kila siku, na kila siku unazidi kuchacha.

Mkewe ndiye aliyenifuata kisimani siku moja. "Wifi," akaniambia, "tangu mume wangu arudi sijampikia hata mara moja akala. Nikitaka kuinjika maji, sinia limeshafika. Nikilikataa, nitaambiwa naringa. Nifanyeje, wifi yangu?"

"Mshukuru Mungu," nikamjibu. "Wenzako waume zao hawakurudi kabisa."

Akajitwisha ndoo yake akaondoka. Loo, mdomo wangu huu!

Kisha ukaja msaragambo. Nyumba ya mjane mmoja ilikuwa imeanguka, kijiji kizima kikaitwa kwenda kumjengea. Kwetu msaragambo ndio unaomfanya mtu ahesabiwe kuwa mtu: anayekwenda kwa wenzake, na yeye huendewa. Kabla ya vita mdogo wangu hakuwahi kukosa, na fito alizofunga yeye hazikulegea. Siku ile alikuja na magongo yake, akaketi juu ya gogo, akavuta magome ya miti yaliyorundikwa pale, akaanza kuchana kamba kwa kisu. Mikono yake ilikuwa mizima, na kazi ile haikuhitaji mguu.

Haukupita muda, mzee mmoja akamwendea, akamtoa kisu mkononi, kwa upole kabisa. "Shujaa, wewe kazi yako ulishaimaliza. Kaa kivulini upumzike." Mwingine akamletea kiti. Mwingine akaja na bakuli la uji. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akakaa pale kivulini, uji umepoa mkononi, anatutazama tukijenga. Sura yake niliiona, ikanichoma, lakini nikajiambia ni maumivu ya kidonda.

Wiki haikuisha, akapanda lori la mizigo kwenda Korogwe. Sisi tukajua anakwenda hospitali. Kumbe amekwenda Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Baadaye akamwita na mkewe. Kijiji kikanuna, na kilikuwa na haki ya kununa. Wengine wakasema ana kiburi, wengine wakasema vita vimemharibu akili. Mimi nikafunga safari kwenda kumrudisha, na majirani wale wale walionuna wakanibebesha unga, kunde na jogoo wawili nimpelekee.

Nilimkuta kwenye kambi ya wafanyakazi, ameketi mlangoni anasuka kamba za katani. Msimamizi alimpa kazi hiyo baada ya kumuuliza jambo moja tu, kama anajua kusuka. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kuta nyeusi kwa moshi, na yeye alikuwa amekonda. Lakini aliponiona aliinuka kwa magongo yake, "Shikamoo dada!", akamwambia mkewe ainjike sufuria. Tukala ugali wa wifi yangu. Kwa wasiwasi wake aliusonga ukawa mgumu kama tofali, na mumewe akawa anausifia kila tonge.

Tulipomaliza kula nikasema nilichofuata. Mama analia. Kijiji kinakuulizia. Twende nyumbani.

Hakukataa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakukataa. Aliweka kamba chini, akaniangalia, akaniuliza taratibu, "Nikirudi, dada, nitafanya nini?"

Alitaka kurudi. Alikuwa ananiomba nimpe sababu.

Na mimi, kwa mapenzi yangu yote, nikamjibu, "Hutafanya kitu chochote, mdogo wangu. Sisi tupo."

Akatikisa kichwa, akaiokota kamba yake. Aliendelea kusuka huku akiniuliza habari za mvua, kama vile nimekuja kutembea tu. Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani. Nyumbani hakurudi tena, na hata kaburi lake liko huko huko Ngombezi.

Na jibu lilikuwepo, tena la kweli. Kitanda cha mama kilikuwa kimekatika kamba, mama amehamia mkekani tangu masika, na pale kijijini hatukuwa na mtu wa kukiwamba. Ningemwambia hivyo tu, angekuja.